Kengele Ikinyamaza

Muhula wangu wa kwanza chuo kikuu, niliamka saa kumi na nusu alfajiri kila siku kwa karibu mwezi mzima. Hakuna aliyeniamsha. Miaka minne ya bweni ilikuwa imeniwekea kengele kichwani, na saa hiyo ikifika macho yalifunguka yenyewe. Naketi kitandani, naangalia giza. Halafu nini? Hakuna mwalimu wa zamu mwenye tochi. Hakuna kiranja anayeandika majina ya waliochelewa. Hakuna prepu. Ratiba inasema nina somo moja tu siku hiyo, saa nane mchana. Kutoka pale nilipoketi hadi saa nane kulikuwa na saa tisa na nusu, zote zangu, na sikujua pa kuzianzia.

Basi nilirudi kulala. Baadaye nikajua mechi zinaonyeshwa wapi, nikajua vijiwe, nikajua jinsi filamu za mfululizo zinavyoweza kumeza wiki nzima bila wewe kushtuka. Mwisho wa mwaka nikarudia mitihani miwili. Mama aliuliza swali moja tu: "Kwani huko shule ulikuwa unapitaje?" Sikuwa na jibu. Shule ya upili nilikuwa kati ya watano bora kila muhula. Jibu nimelipata polepole, miaka kadhaa baadaye: shuleni sikuwa napanga muda wangu. Nilikuwa napangwa.

Siku hizi tukizungumza juu ya mwanafunzi na muda wake, tunazungumza kama daktari na mgonjwa. Weka simu mbali. Amka mapema. Gawanya saa vipande vipande. Kuna hata programu ya simu ya kukuzuia kutumia simu. Sina shida na ushauri huo, baadhi yake umenisaidia. Lakini unasahau kitu kimoja, kwamba muda wa kusoma katika nchi hii una historia, na karibu kila sura ya historia hiyo inarudi kwenye swali moja: nani ameshika saa?

Tuanze na neno kuhitimu. Leo ukilisikia unaona joho, picha na pilau nyumbani. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, kwenye maana ya kukamilisha, na huko pwani mtoto aliyehitimu alikuwa yule aliyemaliza kusoma Kurani chuoni. Chuo hicho hakikuwa jengo la ghorofa. Kilikuwa baraza la mwalimu, au chumba cha nyumba yake, au pembe ya msikiti, Lamu, Siyu, Malindi, Mombasa. Mtoto alikuwa na ubao wake wa mbao. Anaandikiwa aya, anazisoma kwa sauti mpaka zikae, kisha anamsomea mwalimu. Akiziweza, ubao unaoshwa na kuandikwa upya. Asipoziweza, ubao haufutwi. Kesho anarudi palepale.

Ukipita nje ya chuo cha namna hiyo ungedhani ni sokoni. Kila mtoto yuko mahali pake, kila mmoja na aya zake, wote kwa sauti. Wa miaka minane anaweza kuwa amempita wa miaka kumi na moja, na hakuna anayeshangaa. Siku iligawanywa na sala, si na dakika. Hakuna aliyesema dakika arobaini zimekwisha, fungeni hii tufungue nyingine. Somo liliisha likishaisha.

Usidhani nauza ndoto hapa. Bakora ilikuwepo, na mtoto hakuulizwa angependa kusoma nini. Alichokuwa nacho ni mwendo wake. Kuhitimu kulipimwa kwa kazi iliyokwisha, si kwa kalenda iliyokwisha.

Hata saa zetu wenyewe zimejengwa juu ya mantiki hiyo. Saa ya Kiswahili huanza na jua. Likishachomoza hesabu inaanza, na saa moja ni ile saa ya kwanza ya mwanga, wakati mtu anaweza kushika jembe au kitabu. Saa ya ratiba ya shule huanza usiku wa manane, wakati walio macho ni mlinzi na mwizi. Kila mtoto wa Kenya amewahi kusimama kati ya hizo mbili: ukutani pameandikwa 8.00, mdomoni ni saa mbili. Tulijifunza kuzitafsiri haraka sana hata hatukuuliza ni saa ya nani tunayoitafsiri.

*

Ukitoka kisiwani Mombasa kwa matatu na kuvuka daraja la Nyali, kuna steji inaitwa Kengeleni. Watu hushuka hapo kila siku wakiangalia simu zao, lakini jina halikutoka hewani. Kengele yenyewe ipo. Ilikuwa ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamishenari wa Kianglikana miaka ya 1870 kwa ajili ya watu waliookolewa kutoka katika biashara ya watumwa. Ililia kuwaonya wakazi kwamba wavamizi wanakuja.

Naifikiria sana kengele hiyo. Kwa mtu aliyewahi kutekwa, mlio wake ulikuwa usalama. Kengele hulinda. Lakini kengele pia huamuru, na shule za misheni zilipoenea bara, kazi hizo mbili zilikwenda pamoja hata ikawa vigumu kuzitenganisha.

Maseno ilianzishwa mwaka 1906. Mang'u ikafuata 1925, na Alliance kule Kikuyu 1926. Pamoja na bweni ilikuja ratiba, na ndani ya ratiba kulikuwa na kitu kilichotoka moja kwa moja katika shule za bweni za Uingereza: saa za jioni ambapo wanafunzi wote huketi kimya katika chumba kimoja na kusoma, mtu akiwaangalia. Waingereza waliita maandalizi, wakalifupisha neno lao, na sisi tukalichukua likiwa limeshafupishwa. Prepu.

Mtu ambaye jina lake halitengani na nidhamu hiyo ni Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyekuja kuongoza Maseno mwaka 1928, kisha akawa mwalimu mkuu wa Alliance kuanzia 1940 hadi 1962. Ni rahisi leo kumcheka, mzungu mwenye kaptura na saa mkononi. Lakini alipostaafu hakurudi kwao kupumzika; alikwenda kufundisha Pumwani, Nairobi, mpaka alipofariki mwaka 1966. Aliiamini kazi yake, na wazazi waliompelekea watoto waliiamini pia. Sababu zao zilikuwa nzito.

Fikiria nyumba ya wakati ule. Koroboi moja, na mafuta yake yamepimwa. Ng'ombe wa kukamua kabla ya jua, mdogo wako mgongoni, maji kutoka mtoni. Mtoto wa nyumba hiyo asome saa ngapi? Bweni lilimpa kitu ambacho kijiji hakingeweza kumpa: saa mbili za taa na kimya, kila siku, bila mtu kumtuma dukani. Wasichana walisubiri zaidi. Shule yao ya upili pale Kikuyu ilifunguliwa 1948, miaka 22 baada ya ile ya wavulana. Katika hesabu hiyo prepu haikuwa adhabu. Ilikuwa anasa.

Na bado kulikuwa na bei. Ngũgĩ wa Thiong'o aliingia Alliance mwaka 1955, Kenya ikiwa katika hali ya hatari. Katika kumbukumbu zake za miaka hiyo anasimulia alivyorudi nyumbani baada ya muhula wa kwanza na kukuta kijiji chao hakipo tena. Watu walikuwa wamehamishwa. Mimi husoma hadithi hiyo nikiwaza juu ya saa. Nje ya lango la shule kulikuwa na kafyu: serikali ndiyo iliyosema ni lini utoke na ni lini uwe ndani. Ndani ya lango kulikuwa na kengele. Tofauti yake ni kubwa, hakuna anayebisha. Moja ilikuwa na bunduki na nyingine ilikuwa na vitabu. Lakini kijana aliyepita kati ya hizo mbili hakuwa ameshika saa upande wowote.

*

Kama hadithi ingeishia hapo, ningesema Wakenya hawajawahi kupanga muda wao wa kusoma. Lakini kuna watu walioupanga, na walifanya hivyo mahali ambapo hungetarajia.

Wa kwanza walikuwa kizuizini. Josiah Mwangi Kariuki, yule JM ambaye baadaye alikuwa mbunge na akauawa mwaka 1975, alikaa katika kambi za kizuizini kati ya 1953 na 1960, na kitabu chake juu ya miaka hiyo kilitoka 1963. Kambini, siku ilikuwa ya askari: filimbi, kuhesabiwa, kazi ngumu, kuhesabiwa tena. Kariuki anaonyesha jinsi wafungwa walivyojipanga wenyewe ndani ya uzio, wakaweka kanuni zao, na wakafundishana. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua. Gakaara wa Wanjaũ, mwandishi na mchapishaji, aliandika shajara kwa siri akiwa kizuizini, na ilipochapishwa kwa Gĩkũyũ mwaka 1983 ilishinda Tuzo ya Noma mwaka uliofuata.

Watu hawa hawakuwa na hata dakika moja waliyopewa na ratiba. Walichukua mabaki: baada ya kuhesabiwa, kabla ya usingizi. Na kuna jambo ninaloliona hapo ambalo sikulijua nilipokuwa nikirudi kulala chuoni. Hawakusoma peke yao. Ukichoka, mwenzako yuko hapo anakungoja umalizie herufi. Tunapenda kumwazia mtu anayejisomea kama mtu mpweke mwenye nia ya chuma. Kambini nia ya chuma ilikuwa ya kikundi.

Wa pili walikuwa watu wa posta. Tom Mboya aliacha shule Mang'u kwa sababu ya pesa. Familia isingeweza kumlipia aendelee. Akasomea kazi ya ukaguzi wa afya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa mkaguzi wa manispaa ya Nairobi. Mchana anakagua, jioni ana shughuli za chama cha wafanyakazi, na katikati ya hayo yote anasoma kwa njia ya posta. Mwaka 1955 alikwenda Ruskin College, Oxford, kwa mwaka mmoja wa masomo. Mwaka 1959 alikuwa miongoni mwa waliosimamia safari ya ndege iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani. Sisi tunaikumbuka ndege. Mimi naukumbuka zaidi mtaa wa Nairobi jioni, kijana wa miaka ishirini na kidogo, bahasha mezani na hakuna anayejua kama ameifungua.

Kusoma kwa posta kulikuwa na ukatili wake. Unaandika jibu la swali, unalitia katika bahasha, unabandika stempu, unasubiri. Majuma yanapita. Karatasi inarudi na alama nyekundu. Mtu aliyekuwa anakusahihisha humjui sura. Lakini zingatia kilichokuwepo: palikuwa na mtu. Bahasha ilikuwa na mtu upande wa pili, na mtu huyo alikuwa anangoja kazi yako. Ile stempu ndiyo iliyokuwa kengele.

Baada ya uhuru serikali iliielewa hiyo. Shule zilikuwa zinaongezeka haraka, na walimu wengi wa msingi walikuwa wenyewe hawajasoma kupita darasa la nane. Huwezi kuwaondoa wote darasani ukawapeleka chuoni; nani atafundisha? Mwaka 1967 kikaanzishwa kitengo cha masomo kwa njia ya posta, chini ya chuo kikuu cha Nairobi, huko Kikuyu. Ndiyo, Kikuyu hiyohiyo ya Alliance. Mji mdogo mmoja ukawa na saa mbili: upande huu kengele ya bweni, upande ule bahasha zinazotoka kwenda kwa mwalimu wa kijijini ambaye atazifungua wakati wake.

Isipokuwa hawakumwachia yote. Bahasha zilikwenda pamoja na vipindi vya redio kupitia Sauti ya Kenya. Mwalimu alijua kwamba jioni fulani, saa fulani, somo lake litasomwa hewani, naye anakaa na daftari karibu na redio ya betri. Akifaulu mtihani, anapanda daraja na mshahara unapanda. Hapo utaona mambo matatu yamewekwa pamoja: sababu yako mwenyewe, mtu anayekungoja, na muda mfupi usiobadilika ambao maisha mengine yanaweza kuuzunguka. Zilizobaki ni zako.

*

Wa tatu ni nyanya yangu.

Mwaka 1979 serikali ilianzisha kampeni kubwa ya kuwafundisha watu wazima kusoma, ile ambayo kila mtu aliiita ngumbaru. Madarasa yalikuwa kanisani, chini ya miti, katika vyumba vya shule watoto wakishaondoka. Waliojaa zaidi ni wanawake. Nyanya alijiunga miaka michache baadaye, akiwa na watoto saba na miti ya kahawa mia mbili hivi. Darasa lilikuwa mara mbili kwa wiki, saa nane mchana, yaani baada ya shamba na kabla ya maziwa.

Hakwenda kwa sababu ya kampeni. Alikwenda kwa sababu ya risiti. Kila alipopeleka kahawa kiwandani, karani alipima, akaandika, akampa karatasi, naye akaikunja na kuitia kifuani bila kujua imesema nini. Alitaka kujua imesema nini. Kwa hiyo alianza na tarakimu, herufi zikafuata. Msimu mmoja aliona mshale wa mizani umesimama kwenye 37, na karatasi mkononi mwake imeandikwa 31. Alirudi kwenye foleni, akairudisha karatasi mezani, akasema kwa utulivu, "Hii ni ya mtu mwingine." Karani aliibadilisha bila neno. Nyanya ameisimulia hadithi hiyo kwenye kila harusi ya ukoo wetu.

Niliporudia ile mitihani miwili nilikwenda kukaa kwake likizo. Nilikuwa nimechora ratiba ya rangi nne, vipindi vya dakika ishirini na tano, mapumziko ya dakika tano. Nikamwuliza, wakati ule wa ngumbaru alikuwa anasoma muda gani kwa siku. Aliniangalia kama nimeuliza mto una urefu gani.

"Mpaka githeri iive."

Si mzaha. Githeri ya mahindi makavu huchukua saa mbili, tatu. Huwezi kwenda mbali, moto utazimika. Huwezi kulala, itaungua. Umefungwa jikoni, lakini mikono iko huru. Wanawake wengine walisuka kiondo saa hizo. Yeye alisoma, na wakati mwingine mke wa jirani alikuja na kitabu chake na sufuria yake. Muda ambao hakuna mtu angeuhesabu kama muda, yeye aliuokota.

*

Kizazi changu kilikuja baada ya hayo, na kikapata kengele nyingi kuliko zote. Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985, na pamoja nao mtihani mmoja mwishoni mwa shule ya msingi na mwingine mwishoni mwa upili, kila mmoja na uwezo wa kuamua maisha ya mtu. Shule zilipopangwa magazetini kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, walimu wakuu walitafuta faida mahali pekee ilipopatikana: katika usingizi wa wanafunzi. Prepu ya jioni ikazaa prepu ya alfajiri. Jumamosi ikaingia. Likizo ikaingia.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku masomo ya ziada ya likizo, na kanuni za 2015 zikasema masomo ya darasani katika shule za kutwa yawe kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa unusu. Nakumbuka mwalimu mmoja akitusomea habari hiyo gazetini, darasa zima likacheka, yeye pia akacheka, kisha akaendelea na somo. Ilikuwa saa moja kasorobo usiku.

Silaumu mwalimu huyo. Alikuwa amepangwa kama sisi. Lakini hesabu ninayoifanya sasa ni hii: kwa miaka minne hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, "Leo jioni unafikiri usome nini, na kwa nini?" Hata mara moja. Kengele ilinifundisha kuitii saa. Haikunifundisha kuitumia. Na kuna ujanja mmoja ndani yake: ukitii vizuri unapata alama nzuri, na ukipata alama nzuri unadhani unajua kusoma.

Halafu tarehe 15 Machi 2020 Rais akatangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona, na kwa mara ya kwanza katika maisha yetu kengele zote za nchi zikanyamaza siku karibu moja. Mdogo wangu alikuwa kidato cha pili, amerudi nyumbani kwetu Kayole na sanduku lake. Siku ya tatu akachora ratiba ukutani. Nilipoiona nikacheka, kisha nikahuzunika: ilianza saa kumi na nusu alfajiri. Ilikufa kabla ya wiki kuisha.

Masomo yalikuwa hewani, redioni na kwenye televisheni, kama ya wale walimu wa posta. Lakini hakukuwa na mtu upande wa pili wa bahasha. Mwezi wa Julai ikatangazwa kwamba mwaka wote wa masomo umepotea, na hata ile sababu ikaondoka. Utasoma kwa ajili ya mtihani upi?

Kilichomwokoa ni paa. Jengo letu lina paa la saruji ambapo watu huanika nguo. Kuanzia kama saa kumi alasiri tangi la maji linaweka kivuli, na hapo ndipo yeye na wavulana wawili wa ghorofa ya tatu walipoanza kukutana, simu moja, bando la mtu mmoja kwa zamu, karatasi moja ya hesabu ya miaka iliyopita. Kivuli kikifika wanaanza. Jua likizama hawaoni tena, wanashuka. Hakuna aliyewaambia. Nilipowauliza kwa nini hawachelewi, mmoja alisema, "Ukichelewa wenzako wanapata jibu bila wewe."

Kulikuwa na msichana wa rika lao katika jengo hilohilo. Mama yake alipoteza kazi ya nyumbani mwezi wa Aprili, akaanza kufua nguo za watu, naye akabaki na wadogo wanne. Alipanda paani kila siku, ndiyo. Alikuja kuanika. Mara moja au mbili nilimwona amesimama nyuma yao na beseni kiunoni, anaangalia karatasi, midomo yake inahesabu. Kisha anaitwa. Masomo yaliporudi kwa wote, Januari 2021, yeye hakurudi.

Kila ninaposoma ushauri wa kupanga muda namkumbuka. Hakukosa nidhamu, sijaona mtu mwenye ratiba kali kama yake. Alikosa muda. Wale wamishenari, pamoja na makosa yao yote, walijua kwamba kuna mtoto ambaye huwezi kumwambia "jipangie" bila kwanza kumpa taa, kimya, na mtu mwingine wa kubeba mdogo wake. Huko ndiko kengele ilikokuwa inalinda. Kosa lilikuwa kuendelea kuipiga bila siku moja kumkabidhi mtoto kamba yake.

Mdogo wangu sasa yuko chuo kikuu. Juzi alinipigia simu usiku, analalamika kwamba ana somo moja tu kesho, saa nane mchana, na hajui asubuhi afanye nini. Nilitaka kumtumia video fulani juu ya vipindi vya dakika ishirini na tano. Badala yake nikamwuliza ni nani mwingine ana somo hilo, na kama hosteli yao inaruhusu kupika.

"Inaruhusu. Kwa nini?"

"Tafuta mahindi makavu na maharagwe," nikamwambia. "Mwite huyo mwenzako. Injikeni githeri."